Waliniambia nisage unga, bati niwaachie wao

Nina hasira hii tangu masika yalipoisha. Nilijizuia nisiandike maoni juu ya hawa walioniosha ukuta wa mabati, nikasema itapoa. Haijapoa. Kila asubuhi nikizunguka nyuma kufungua mlango wa stoo naliona lile bati, na moyo unachafuka upya.

Nina mashine ya kusaga hapa Tanga. Jengo lote ni la mabati, kuta mpaka paa, mabati ya rangi ya maziwa. Nyuma yake kuna mwembe mkubwa, jua halifiki. Mwenye mashine mwenzangu ananielewa: unga unaruka. Unatokea madirishani, unanata ukutani, unyevu wa bahari unaulowanisha, masika yanamalizia. Bati lenyewe kuvu haili, inakula kilichonata juu yake, na ukuta wangu ulikuwa unapata vumbi la unga kila siku ya Mungu. Ukaota madoa meusi hadi kimo cha mtu, na chini karibu na msingi ukafanya ukoga wa kijani.

Ningekuwa nauza saruji nisingehangaika. Mimi nauza unga. Watu hawajasahau mwaka 2016, sumukuvu ilivyoua watu Dodoma na Manyara. Madoa ya ukutani si sumu ile iliyokuwa kwenye mahindi, lakini utamweleza vipi mama aliyekuja na debe lake kichwani, akautazama ukuta mweusi, akageuza njia? Mmoja aliniuliza waziwazi, "Na ndani kuko hivihivi?" Siku hiyo chakula hakikupita.

Ndiyo nikawatafuta hawa watu wa kuosha majengo. Tukapatana laki na nusu, nusu mbele, nusu kazi ikiisha. Wakaja vijana watatu na mashine ya presha. Mkubwa wao, umri wa mwanangu wa pili, alinipita mlangoni na simu sikioni, shikamoo hakuna. Nikasema labda ana haraka.

Fundi aliyenijengea alishanionya kitambo. Rangi ya bati ni nyembamba kuliko karatasi. Chini yake kuna zinki, chini ya zinki ndiyo chuma. Ukikwangua ukaivuka zinki, umeikaribisha kutu, na kwa upepo wetu huu wa chumvi haichelewi. Kwa hiyo nilipomwona yule kijana anatoa brashi ya waya kwenye begi nilimwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo itachubua rangi."

Hakugeuka hata shingo. "Mama, wewe saga unga, bati tuachie sisi."

Mwenzake mmoja akacheka. Mwingine, yule mdogo kuliko wote, akatazama chini.

Nilikuwa na wateja foleni, nikaingia ndani. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Mashine ikinguruma husikii kitu, lakini nilipoizima nikasikia krrr, krrr, kama mtu anakwangua sufuria lililoungua. Nikatoka mbio. Chini ya ukuta palikuwa na vipande vya rangi vilivyojikunja kama maganda ya kitunguu. Nikaokota kimoja, kikavunjikia kidoleni. Juu ya bati palipokwanguliwa palikuwa panameta. Na juu ya hapo walikuwa wanamwaga klorini kutoka kwenye dumu, haijazimuliwa hata kwa tone la maji, harufu yake inakaba koo, halafu wakaiacha ikaukie hapohapo.

Nikiandika ukweli, kuvu ilitoka. Jioni ile ukuta ulikuwa mweupe, na kwa muda nikaanza kufikiri labda mimi ndiye mjuaji, labda wanajua kazi yao. Nilikaribia kuwasifia.

Baada ya siku chache mikwaruzo ikaanza kutoa ungaunga mweupe, ukipangusa unarudi. Ile ni zinki inaliwa. Kisha ikafuata michirizi ya kahawia chini ya skrubu. Na bado: ile presha waliielekeza juu, maji yakapenya kwenye maungio ya bati yakaingia stoo. Magunia mawili ya mteja yakalowa. La kwanza nililiwahi nikalianika kwenye turubai. La pili nilipoligundua nilitia mkono katikati nikakuta joto, na harufu imeshabadilika. Hata kuku sikuwapa. Nililifukia nikamlipa mwenyewe fedha yake. Watu niliowaita waniondolee kuvu ya nje ndio walioniingizia ya ndani!

Nikampigia yule mkubwa. Akanijibu, "Kuvu unaiona? Huioni. Tulipatana kuvu." Akakata.

Sasa, nilitaka kuwapa nyota sifuri na kuishia hapo. Lakini Jumapili yake yule mdogo alikuja peke yake. "Shikamoo mama." Alikuwa amebeba ndoo yake, brashi laini ya nailoni na sabuni ya maji. Akasema ubavu wa kushoto hawakuufikia, nimruhusu aufanye vizuri. Kwanza alidondosha tone la jiki kwenye doa moja jeusi, tukasubiri wote wawili tumeinama. Doa likafifia tunaliona. Akasema likififia hivyo ni kuvu, lisipofifia ni uchafu tu, sabuni inatosha. Akachanganya kikombe kimoja cha jiki na vikombe kumi vya maji na sabuni kidogo, akanikataza kabisa kutia siki au dawa ya choo humo, maana hewa inayotoka inachoma mapafu. Akasugua kutoka chini kwenda juu ili maji machafu yasichore michirizi, akasuuza kutoka juu kwenda chini, kipande kwa kipande, kabla hakijakauka. Hakukwaruza hata mahali pamoja. Ubavu ule unang'aa mpaka leo, nyinyi mkipita barabarani mtauona.

Kwa hiyo nikasema basi, nyota tatu, kwa kuwa ni kijana wao. Hapana, nafuta. Alikuja kwa miguu yake, na ndoo yake, siku yake ya mapumziko, na fedha ya kazi ile nilimpa yeye mkononi. Wao hawana sehemu hapo. Tena aliijua kazi tangu siku ya kwanza, ndiyo maana alitazama chini, na hakuna aliyempa nafasi ya kufungua mdomo. Nikilifikiria hilo hata nyota moja naona nyingi.

Ukuta wa nyuma fundi wangu ameupiga msasa laini sehemu zenye kutu, akapaka praima ya zinki. Rangi ya juu bado sijapata fedha, una mabaka ya kijivu kama mgonjwa.

Yule mkubwa ananipigia kila siku akidai ile nusu iliyobaki. Simu sipokei. Akiitaka aje mwenyewe, asimame mbele ya ukuta ule mchana kweupe wateja wakiwa foleni, na aanze na shikamoo.