Daftari la kawaida au hesabu za pande mbili?

Ukifungua kibanda cha mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, leo, una njia mbili za kuandika hesabu. Ya kwanza ni daftari la kawaida: tarehe, pesa iliyoingia, iliyotoka, baki. Dakika tano jioni, umemaliza. Kwa anayenunua na kuuza taslimu tu inatosha, mradi asiruke siku.

Ya pili ni ya pande mbili, ile aliyoieleza Luca Pacioli, mwanahisabati Mwitaliano, katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494. Kila muamala una debiti (upande wa kushoto, kile ulichopata) na krediti (upande wa kulia, kilikotoka: pesa uliyolipa au deni).

Tazama robota moja la shilingi 18,000. Umelipa 10,000 kwa M-Pesa, 8,000 umekopa. Daftari la kawaida litaonyesha 10,000 zimetoka, basi. Deni limebaki kichwani. Kwa pande mbili unaandika: bidhaa, debiti 18,000; M-Pesa, krediti 10,000; wadai (waliokukopesha), krediti 8,000. Pande zisipolingana, kuna kosa, na unalitafuta usiku huohuo. Zikilingana, bado huenda umeandika kwenye akaunti isiyo yake, kwa hiyo pitia pia taarifa ya M-Pesa.

Mimi ningeanza na daftari, lakini siku ya kwanza ya kukopa au kukopesha ningehamia pande mbili. Inachosha mwanzoni, kweli. Ila nimeona watu wakila mtaji wakidhani ni faida, na inaniuma. Kwa njia yoyote, ukichukua pesa ya unga wa nyumbani, iandike siku hiyohiyo. Na risiti zihifadhi miaka 5, kama sheria ya kodi ya Kenya inavyotaka.