Maji ya limao ya chupa: kwa birika sawa, kwa kachumbari hapana

Ukigeuza zile chupa za maji ya limao zinazokaa jirani na siki kwenye rafu za supamaketi, lebo nyingi zitakuambia yalipunguzwa maji kiwandani kisha yakarudishiwa, na kwamba yametiwa kihifadhi cha salfaiti, E223 au E224. Mwenye pumu asisome juu juu hapo, kwani salfaiti huwabana kifua baadhi ya watu.

Mezani ni dhaifu. Harufu ya limao hutoka zaidi kwenye mafuta ya ganda, na ya chupa hayana mengi. Kwenye kachumbari au samaki wa kukaanga utabaki na uchachu mtupu. Kamua limao bichi.

Kinachofaa kulipiwa ni asidi isiyoyumba. Malimao ya sokoni hutofautiana. Ya chupa hupimwa kiwandani, kwa kawaida asidi ya sitriki kama asilimia 5, pH (kipimo cha ukali wa asidi) kati ya 2 na 3. Ndiyo maana wanaohifadhi nyanya kwenye chupa za glasi huambiwa watumie haya, vijiko vikubwa 2 kwa kila lita, badala ya kukamua na kukisia.

Kwa birika la umeme lenye ukoko mweupe wa maji ya kisima, tia lita 1 ya maji na vijiko vikubwa 4 vya limao. Pasha, zima kabla hayajachemka, acha nusu saa. Vipovu vinavyotoka kwenye ukoko ni dalili kwamba asidi inaula. Vikikoma na ukoko bado upo, asidi imekwisha nguvu: mwaga, tia mengine. Kuchemsha kwa muda mrefu ukidhani unaharakisha ni kujiharibia, maana kalisiamu sitreti, chumvi inayotokea asidi ya limao inapokula ukoko, huyeyuka kwa shida kwenye maji ya moto, nayo hutuama kama unga mwingine mweupe. Siki nyeupe ingefanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu, ila harufu yake hung'ang'ania.

Doa la kutu kwenye shati jeupe: chumvi, limao juu yake, juani saa moja, suuza sana. Khanga na nguo nyingine za rangi ziache, zitapauka.

Kwenye terazo au marumaru ya mawe usithubutu. Asidi inayokula ukoko wa birika hula na jiwe hilo, na baka linalobaki halifutiki kwa kitambaa. Ni la fundi wa kusaga sakafu. Ule mchanganyiko wa limao na magadi soda unaosifiwa mno huchemka vizuri machoni, lakini hivyo viwili vinauana nguvu. Na jiki usiichanganye kabisa na limao: hutoa gesi ya klorini.

Ikifunguliwa, chupa ikae kwenye friji. Yakigeuka rangi ya kahawia, yapeleke kwenye birika.