Tesla Model Y kwenye baridi ya Minneapolis, na aliyekaa nyuma je?

Wanaoniulizaga kuhusu gari la umeme kwenye snoo, yaani theluji, haya. Hili langu ni Model Y la 2021, nimepita nalo winta tatu hapa Minneapolis, Marekani, na leo naongelea abiria tu maana dereva huwa anajipanga, anayeumia ni aliyekaa nyuma.

Gari langu la kwanza la umeme, sitaji la nani, lilikuwa na hita ya koili, akili ileile ya koili ya kuchemshia maji ya ndoo, inafyonza betri balaa. Gari la petroli joto lake la bure, injini inachemka yenyewe, ila kwa umeme kila joto unalilipia kwa kilomita. AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, walipima magari matano ya umeme 2019, kwenye baridi ya kama nyuzi 7 chini ya sifuri, ukiwasha hita umbali wa chaji moja unapungua 41% kwa wastani, ukiizima ni 12% tu. Sasa mimi nikawa nazima ili tufike, mama amekuja kutoka Tanga, siku ya pili tu ananiambia "mwanangu, miguu yangu siisikii." Iliniuma mno.

Hili la Tesla lina pampu ya joto. Gusa nyuma ya friji utasikia moto, ndiyo hiyo hiyo, inakusanya joto la nje na la mota inaliingiza ndani badala ya kulitengeneza upya. Baridi ikizidi sana pampu yoyote nguvu inapungua, hilo lijue. Ila kilichonikamata ni siti, zote tano zina joto, hata ile ya katikati nyuma ambayo kwenye magari mengi huwa imesahauliwa! Siti moja inakula umeme kama balbu ya zamani, hita ya koili inakula kilowati kadhaa, kwa hiyo napasha migongo ya watu kwanza, hewa naiweka ya wastani tu na betri inadumu.

Asubuhi natoka saa 12 na nusu. Nusu saa kabla nawasha kwenye simu gari likiwa bado kwenye chaji, umeme unatoka ukutani siyo kwenye betri, barafu ya kioo inayeyuka yenyewe. Mama akiingia anavua glavu, anakunja kanga aliyojifunga juu ya jaketi anaiweka mapajani, kabla hatujafika barabara kuu kashasinzia.

Mkienda kununua la mtumba msikae mbele mkaridhika. Kaa nyuma, mwambie muuzaji awashe siti moja moja, weka kiganja dakika tano, ya katikati usiiruke. Isipopata joto hapohapo bei ishuke, au uondoke.