Kahawa chungu: ya anayetembea au ya barazani?
Muuza kahawa wa kutembea, katika miji ya kale ya pwani kama Mombasa, hubeba dele, yaani birika la kahawa, juu ya makaa na kugonganisha vikombe vidogo mkononi. Mlio huo ndio tangazo lake. Kahawa hukufikia mlangoni ikiwa moto, tena mara nyingi na kashata.

Wa barazani, kama pale Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, huosha vikombe kwa nafasi, na wateja hukaa wakijadili siasa na mpira. Raha yake kubwa, sikatai.

Hata hivyo namchagua anayetembea. Yeye humfikia hata mzee asiyeweza tena kwenda barazani.