TAHADHARI: Tapeli anauza skana ya slaidi, anavaa glavu nyeupe, sasa yuko Masasi

Jamani ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, jambo hili nimekaa nalo siku tisa. Naona aibu. Lakini jana usiku nimesikia huyu bwana yuko Masasi anaendelea na kazi yake, kwa hiyo mtakaonicheka nichekeni, mimi naandika.

Lile sanduku la slaidi za babu, zile picha ndogo za filamu ndani ya fremu, mnalijua, la enzi zile za reli ya Nachingwea, sirudii. Mnajua pia tulivyochanga tununue skana, mashine ya kuzigeuza ziwe picha za kuonekana kwenye kioo. Shangazi katoa hela yake ya korosho, wa Dar wakatuma, kununua nikaachiwa mimi, eti ndiye niliyesoma. Haya, msomi wenu ndiye huyu.

Na kabla mtu hajaniuliza kwa nini sikwenda stesheneri: nilikwenda! Kijana alizipanga nne kwenye skana ya vyeti, akafunika, akabonyeza. Zikatoka nyeusi kama mkaa, miraba minne. Skana ile inamulika karatasi na kusoma mwanga unaorudi, wakati slaidi ni filamu, inataka mwanga upenye kutoka upande wa pili. Zipo za bapa zenye taa kwenye mfuniko, Epson Perfection V600 ni mojawapo, ila bei yake ukiisikia utatafuta pa kukaa. Nikiwa katika hali hiyo ndipo likaja tangazo kwenye kundi la WhatsApp: skana ya slaidi, megapikseli 22, haihitaji kompyuta, laki tano.

Tulikutana na muuzaji mgahawani Shangani, hapa Mtwara, saa nne asubuhi. Akatandaza kitambaa cha kufutia miwani juu ya meza. Akasogeza glasi yangu ya juisi mbali, taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu. Kisha akatoa glavu nyeupe za pamba, akazivaa kidole kimoja kimoja. Hapo alikuwa keshanimaliza. Nyumbani kwetu slaidi zile zimeshikwa na mikono yenye mafuta ya samaki, halafu anatokea mtu anamvalia babu yangu glavu. Nisimwamini kwa lipi?

Akachukua slaidi ya bibi, akaishika kwa pembe mbili za fremu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akanyamaza. Kisha akasema, "Dada'angu, huyu bibi alikuwa mzuri." Machozi yakanilenga. Bibi kasimama Mikindani na kanga nyekundu, miaka sitini na ushee imepita na wekundu ule bado unawaka. "Hii ni filamu ya Kodachrome," akasema, "ikikaa gizani rangi yake haifi upesi." Na ni kweli, nimekwenda kuthibitisha! Ndicho kinachoniuma, mwizi anaijua kazi.

Halafu akakunja uso. "Ila ina fangasi, huu unyevu wa bahari. Nikiiingiza hivi itachafua lenzi. Niachie nikaisafishe, nitakuletea bure." Akaitia kwenye bahasha ndogo, bahasha mfukoni mwa shati. Akatoa slaidi yake mwenyewe, akaichomeka kwenye mashine, ikalia "ti!" Kioo kikawaka: wazungu wawili ufukweni na mbwa wa madoadoa. Picha safi, hadi manyoya ya mbwa unayahesabu. Nikapiga makofi. Nalirudia hili nijiadhibu: nilipiga makofi, mpaka mhudumu akageuka.

Nikamshusha hadi 420,000, nikajiona mjanja wa mjini. Wakati wa kutuma, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza. "Mke wangu huyo, ndiye mhasibu." Tukacheka wote wawili, nikabonyeza namba ya siri.

Nyumbani Chikongola Shangazi kawekewa kiti mbele, kavaa miwani, watoto wamejaa mkekani. Nachomeka slaidi ya kwanza: mbwa. Ya pili: mbwa. Nikaifuta ya tatu kwa upindo wa kanga nikaichomeka kwa bismillahi. Mbwa. Shangazi akauliza, "Mbona mbwa tu, wa nani huyu?" Watoto wakaangua kicheko, mimi jasho linanitiririka mgongoni. Nikachomoa kadi ya kumbukumbu, kioo kikawa cheusi, kumbe mbwa alikuwa humo kwenye kadi. Nikapiga simu, namba haipatikani.

Fundi simu akaifungua ile mashine. Ndani kuna fremu ya picha ya umeme, zile za kuweka mezani, gundi nyingi, na chubwi tatu za kuvulia ili sanduku liwe na uzito. Chubwi! Mimi niliyekulia ufukweni nimeuziwa chubwi kwa laki nne na ishirini.

Huyu mtu akikamatwa msimpige, nawaomba, apelekwe gereza la Lilungu akiwa mzima. Na huko wampe hizo glavu azivae akichimba vyoo. Akitoka azungushwe nyumba kwa nyumba, amweleze Shangazi yule mbwa ni wa nani. Polisi nimeshafika, RB, namba ya taarifa yangu, ninayo, na namba yake ya simu nimeituma 15040, kule kunakoripotiwa matapeli wa simu. Wewe wa Masasi ukimwona akiagiza chai mahali, usimwambie kitu, nenda kituoni kwanza.

Mnaniuliza dalili za kumjua tapeli kama huyu. Dalili gani tena, nimeshasema! Basi: ajaribu na slaidi YAKO, mbele yako, mbili tofauti. Kadi ya kumbukumbu itoke kwanza ionekane ni tupu. Jina la anayepokea hela liwe lake. Na hizo megapikseli 22 zisikupumbaze, hata vile visanduku halali vingine kihisi chake, kile kinachosoma picha, ni cha megapikseli 5 tu, nyingine programu inajibunia yenyewe. Mengine muulizeni mwenye akili, mimi zangu nimeziacha Shangani.

Hela tutalipana, nimeshaongea na wa Dar, nitakatwa kidogo kidogo. Lakini ile bahasha aliondoka nayo. Ni slaidi ya fremu ya kadibodi, kama sentimita 5 kila upande, pembe moja imeliwa na mende, na nyuma babu kaandika kwa penseli "Mikindani, Idi". Haina nakala. Ukiiona mezani kwa mtu, au anakuonyesha kama mfano wa kazi zake, huyo ni bibi yetu. Nipigie hata saa nane za usiku.