Masega mapya ya gari: miezi mitatu kwenye barabara za Arusha

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko uani kwangu hapa Njiro, na kabla sijawaonyesha kitu kipya, tazameni kwanza hiki cha zamani. Hili ni kopo la masega, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi wa injini, lililotoka chini ya Toyota IST yangu. Naligonga… mnasikia? Linalia kama debe. Namulika tochi upande huu, mwanga unatokea upande wa pili. Ndani hamna kitu.

Mwaka jana nilipeleka gari gereji moja hapa mjini kuchomelea ekzosi iliyotoboka. Fundi akaniambia, "Kaka, masega yameziba, tukiyatoa gari itakuwa nyepesi." Nikakubali bila kuuliza, na yeye hakunirudishia kilichotoka. Baadaye ndipo nilipoelewa kwa nini kuna watu wanapita gereji kwa gereji wakinunua masega: yana platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya thamani kubwa. Huo wepesi wa gari sikuuona. Nilichokiona ni mke wangu akifunga dirisha la jikoni kila asubuhi nikiwasha gari.

Sasa sogeeni. Haya ndiyo mapya. Oneni vitundu vilivyopangana kama sega la nyuki, jina limetokana na hapo. Ni kauri nyembamba iliyopakwa utando wa madini yale niliyoyataja. Moshi wa moto ukipita humo, kaboni monoksidi inageuka hewa ukaa, petroli ambayo haikuungua inageuka hewa ukaa na mvuke wa maji, na oksidi za naitrojeni zinavunjika kuwa naitrojeni ya kawaida. Hewa ukaa yenyewe haipungui, sitaki kuwadanganya. Ila kaboni monoksidi ndiyo inayoua watu waliojifungia sehemu moja na gari linalounguruma, na haina rangi wala harufu. Kwa hiyo usiseme gari lako safi kwa sababu pua haijasikia kitu.

Zamani kifaa hiki kisingedumu kwetu, maana madini ya risasi yaliyokuwa yanachanganywa kwenye petroli huyaharibu masega. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo mwishoni mwa 2005, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuachana nayo, mwaka 2021. Petroli inayofaa tunayo. Masega tunayang'oa wenyewe, na hilo linaniuma.

Kwenye kufunga nilikwenda Unga Limited kwa fundi mwingine, na huyu nampa heshima yake. Alikataa kuchomelea siku ile. Akafungua plagi zote nne, moja ikatoka nyeusi tii, imelowa petroli. Akanishikisha, vidole vikanuka. "Ukifunga mapya juu ya ugonjwa huu yatayeyuka," akasema. Koili ya plagi ile, yaani kifaa kinachoipa umeme wa kutoa cheche, ilikuwa imechoka, petroli inapita bila kuungua na kwenda kuwakia ndani ya ekzosi. Tukabadili koili, plagi zote na sensa ya oksijeni, ndipo tukafunga. Masega yenyewe nilipata kwa bei kama ya tairi mbili mpya. Hayo matengenezo mengine yalikaribia kiasi hichohicho, kwa hiyo jipangeni kwa yote mawili.

Miezi mitatu sasa. Ile harufu kali imekata, na dirisha la jikoni, hilo hapo nyuma yangu, liko wazi. Taa ya injini iliyokuwa inawaka muda wote imezima. Kupanda Ilboru gari inavuta vizuri. Kwenye mafuta kuna nafuu kidogo, lakini naona sifa hiyo ni ya plagi na koili.

Kasoro yake kubwa ni dakika za mwanzo. Masega huanza kazi yakifika nyuzi joto 250 hadi 300 hivi, na asubuhi za Julai mnazijua zilivyo hapa Arusha. Ukiwasha tu, moshi unatoka karibu vilevile kama hayapo. Mimi siku hizi siachi gari ikiunguruma uani, naondoka taratibu, na watoto hawasimami nyuma yake. Gasketi nayo ilivuja wiki ya tatu, ikabidi nirudi kukaza. Na msiegeshe juu ya nyasi kavu, kopo hili linakuwa na joto la kuwasha moto.

Wenye vifodi, zile daladala ndogo, vya dizeli, video hii si yenu sana. Ule moshi mweusi anzeni na nozeli na kichujio cha hewa.

Mmeniuliza kuhusu masega yaliyotumika. Mimi sinunui. Kwa nje huwezi kujua kama yameshachoka, na huenda yaling'olewa kwenye gari la mtu kama yalivyong'olewa ya kwangu. Ukikuta fundi anakwambia yako yameziba, mwambie akupimie kwanza, usimame hapohapo ukiangalia, na akiyatoa akukabidhi mkononi.