Mbolea ya kuku niliyonunua Kadutu iliniunguzia maharagi

Mpaka leo nikipita Kadutu, hapa Bukavu, na kuona yale magunia yamepangwa mlangoni, moyo unanipanda. Nilinunua matano. Kijana wa duka aliniapia kwamba ni samadi ya kuku iliyokwisha kuoza, tayari kuingia shambani. Nilimwamini kwa sababu ya shida yangu: shamba liko upande wa Kabare, udongo mwekundu, mchungu, ule unaoshikilia fosfora, chakula cha mmea, na kuwanyima maharagi. Na mbolea ya kiwandani imenishinda bei.

Gunia la kwanza nilipolifungua lilikuwa na joto kama sufuria iliyotoka kuepuliwa. Harufu ilichoma macho. Unga wa mbao ulikuwa mwingi kuliko mavi ya kuku. Lakini mvua ilikwisha kuanguka na majirani walikuwa wamepanda, nikatia konzi moja kila shimo.

Yakaota nusu. Hayo yaliyoota yakawa manjano, ncha zikakauka. Niling'oa machache, mizizi imeungua.

Nilirudi dukani na mche mmoja nimeufunga ndani ya jani la mgomba. Sikutaka pesa, nilitaka kuelezwa. Kijana hakuuangalia. Macho kwenye simu, akasema: "Mama, mbolea haina kosa. Ni nyinyi banamama ba ku mugini hamujue kulima." Mbele ya watu! Nimelima maharagi tangu nikiwa binti mdogo, nimesomesha watoto kwa jembe, na mtoto wa kumzaa mimi ananijibu hivyo. Hata pole hakusema. Angesema pole, huenda nisingeandika haya.

Basi msinunue. Hapo ndipo nilitaka kumalizia.

Lakini magunia mawili yalibaki, na lazima niseme kweli hata kama inaniuma. Jirani yangu, mama mzee, aliniambia: "Usitupe, mwanangu. Hiyo haijaiva tu. Unga wa mbao ukiwa unaoza unakula chakula cha udongo, maharagi yanabaki na njaa." Tukachanganya na majani mabichi ya tithonia, lile la maua ya njano linalojiotea kando ya barabara, na majivu ya jikoni, maana majivu yanapunguza uchungu wa udongo. Tukanyunyiza maji, tukafunika kwa majani ya mgomba, tukawa tunageuza. Baada ya miezi mitatu ao minne rundo lilikuwa baridi, jeusi, linanuka kama msitu baada ya mvua.

Msimu uliofuata maharagi yaliparamia miti mpaka nikatafuta mirefu zaidi. Niling'oa shina moja: mizizi imejaa vifundo, vile vinavyovuta chakula cha hewani na kulisha maharagi. Nikapasua kimoja kwa ukucha, ndani chekundu. Kikiwa cheupe hakifanyi kazi. Nilikaa pale chini nikakiangalia muda mrefu.

Kwa hiyo mbolea yenyewe si mbaya, ni mbichi. Kijana angeniambia "mama, ilaze kwanza miezi mitatu", ningemlipa bei ileile na kumshukuru. Nunueni, ila mtie mkono ndani ya gunia mbele yake. Mkisikia joto, jueni mnanunua kazi ya kugeuza.

Mimi mlangoni pake sikanyagi tena. Wiki hii nimempa mjukuu wa jirani pesa ya magunia matatu, na nimemwomba asiseme ni ya nani.